Kumbe singo molti nayo ilianzia jikoni kwa mama wa watu

Kwetu wiski ni kitu cha wanaume wenye vitambi na hadhi. Desemba ikifika, Wachaga wote wanapanda kurudi mlimani, na lazima kuna mjomba mmoja katoka Dar na gari limejaa, anashusha mchele, mafuta, soda kreti kadhaa, halafu mwisho kabisa anatoa kimfuko cha karatasi ngumu kina Johnnie Walker ndani na anakikabidhi kwa mikono miwili kwa baba mkubwa, watu wanapiga makofi. Ile chupa haifunguliwi hovyo, inakaa kabatini pembeni ya vikombe vya chai vya wageni. Wanawake hata hawaulizwi. Sisi tuna mbege, tuna wine ya Dodoma, tuna soda, na shangazi mmoja mwenye roho ngumu anaweza kuomba bia, basi.

Kwahiyo nilivyohamia Glasgow sikuwa na mpango wowote na wiski. Nafanya kazi nyumba ya kulea wazee, zamu zikiisha nataka kitanda tu. Ila kuna dada mmoja tunafanya naye zamu, mtu mzima kidogo, kwao ni kaskazini huko kwenye bonde la mto Spey ambako ukirusha jiwe linaangukia kiwanda cha wiski. Siku moja kwenye mapumziko nikawa namsimulia bibi yangu alikuwa anapika gongo Rombo, akacheka mpaka akaweka kikombe chini, akasema wewe ijumaa tunatoka, kuna mama mmoja wa kwetu lazima nikuonyeshe. Nikajua tunaenda kumsalimia mtu. Tukaishia baa.

Baa yenyewe ipo Hope Street, sio mbali na stesheni ya Central. Ya kizamani, zulia, mbao nyeusi, na nyuma ya kaunta chupa zimepangwa ukutani mpaka juu kabisa, mhudumu akitaka za juu anapanda ngazi. Nilivyoziona nikakata tamaa, zote zina majina ambayo ulimi hauwezi, herufi gh na ch zimekaa mahali hazina kazi. Dada akaniambia usisome, kaa. Akaagiza yeye.

Sasa hapa niweke wazi kitu, maana mi mwenyewe nilikuwa sijui na naamini wengi hatujui. Wiski nyingi tunazoziona Bongo na Kenya, hizo Johnnie Walker na wenzake, ni mchanganyiko. Wanachukua wiski za viwanda vingi, nyingine za shayiri, nyingine za nafaka kama ngano au mahindi zilizopikwa kwenye mitambo mirefu inayotiririsha bila kusimama, wanazichanganya mpaka ladha inakuwa ileile kila chupa. Singo molti ni kinyume chake, ni ya kiwanda kimoja peke yake, na nafaka ni shayiri tu, tena shayiri iliyooteshwa ikawa kimea, ikapikwa kwenye masufuria ya shaba, pishi moja likiisha linaanza lingine. Kisheria ikae kwenye pipa la mwaloni hukohuko Uskoti miaka isiyopungua 3, na ikiingia kwenye chupa iwe na kilevi asilimia 40 kwenda juu. Viungo ni maji, kimea na hamira, wanaruhusiwa rangi ya karameli kidogo na hakuna kingine.

Nilivyosikia kimea nikamkatiza. Kimea? Kimea nakijua mimi! Aliyekulia uchagani anajua kuloweka ulezi, unautoa kwenye maji, unaufunika na majani ya mgomba unaota vimizizi, unauanika, unausaga, ndio unapata mso wa kuchanganya na ndizi zilizopikwa mpaka zikawa nyekundu, hiyo ndo mbege, na ukitaka ile chungu kidogo unaweka gome la msesewe. Wao wanalowesha shayiri, inaota, wanaikausha na moto, wanaisaga, wanaimwagia maji ya moto inatoa utamu, hamira inafanya yake, inatoka kitu kama bia isiyo na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Wanaipika hiyo, mvuke unapita kwenye bomba unakutana na baridi unarudi kuwa maji makali, wanayarudia tena mara ya pili. Nikamwambia dada, hayo yote bibi alikuwa anayafanya nyuma ya zizi la mbuzi, kasoro karatasi ya leseni.

Akasema ndio maana nimekuleta, na kinywaji kikafika. Cardhu, ya miaka 12.

Glasi yake ni ndogo, tumbo pana chini halafu shingo inabana juu, na kipimo ni mililita 25, kitu kinachofunika kitako cha glasi tu, nikatazama nikasema hii ndo nini, hii si hata dawa ya kikohozi. Dada akasema usinywe, nusa kwanza, mdomo uache wazi kidogo. Ukinusa na mdomo umefunga kilevi kinakupiga puani hupati kitu. Nikanusa. Mara ya kwanza ukali. Mara ya pili asali, nakwambia asali kabisa, ile mbichi yenye nta. Mara ya tatu nikapata ndizi iliyoiva ikaanza kulainika ganda, ile ambayo mama anasema leteni tuifanyie kazi kabla haijaoza. Mezani kulikuwa na menyu inaeleza kila wiski ina harufu gani, ya kwangu imeandikwa maua ya heather na peasi na sijui keki ya nini. Heather sijawahi kuinusa maishani, na kama ningekaa pale kuitafuta ningeondoka najiona sina pua. Nikaiweka menyu pembeni. Nina pua, na imekulia Rombo.

Nikanywa. Nilikuwa nimekaza koo nikisubiri moto wa konyagi, ule unaokunja uso, haukuja. Ilipita laini, tamu, ikafika chini ndio ikawasha, halafu kwenye ulimi ikabaki kama ukavu wa mbao. Nikanyamaza. Dada akauliza vipi? Nikasema hii inanyweka. Kwa mtu ambaye wiski aliyowahi kuonja ni ile ya kwenye harusi iliyochanganywa na koka mpaka hujui unakunywa nini, hiyo ni sifa kubwa.

Ndo akanisimulia yule mama wa kwao sasa. Anaitwa Helen Cumming. Mwaka 1811 yeye na mumewe John walikodi shamba la Cardow, juu ya bonde la Spey, ndiko ilikotoka hiyo Cardhu ya kwenye glasi yangu, wakawa wanalima na kufuga na kupika wiski kimyakimya bila leseni kama majirani zao. John alishahukumiwa kwa kosa hilo, ila mpishi mwenyewe, dada anasisitiza na historia ya kiwanda inakubali, alikuwa mama Helen. Na watu wa ushuru wakija kukagua bonde hawana pa kulala, hakuna hoteli, kwahiyo wanafikia kwa nani? Kwa mama Helen! Anawapokea vizuri, mkate anaoka, harufu ya hamira nyumba nzima anasema ni ya mkate, vyombo vya kupikia kashavificha. Wakikaa kula, yeye anatoka nje kwenda kutundika bendera nyekundu ghalani. Majirani bonde zima wakiona bendera wanajua jamaa wapo, kila mtu anaficha mtambo wake. Ya kuuza anauza dirishani kwa wapita njia.

Mi nilicheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Sababu bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kanga. Sio bendera, ni kanga, anaianika kwenye ua wa mbele hata kama mvua inanyesha, na ukiona kanga imelowa na haitolewi usiende na chupa yako, mgambo wapo. Mgambo nao walikuwa wanakaribishwa uji. Sijui ni nani alimfundisha, kwa uhakika sio mtu wa Uskoti, ila mwanamke mwenye watoto saba, mtambo nyuma ya nyumba na serikali mlangoni, akili yake inafika palepale popote alipo.

Tofauti ni kilichofuata. Kule Uskoti serikali ilichoka. Wakulima wamekuwa wakikimbizwa miaka na miaka, magendo yamekuwa matamu kuliko ya halali, inasimuliwa hata mfalme George IV alivyokuja Edinburgh mwaka 1822 alitaka aletewe wiski ya Glenlivet, ambayo wakati huo ilikuwa ya magendo, yani mfalme anaagiza gongo. Mwaka 1823 ikapitishwa sheria mpya ya ushuru, leseni pauni 10 kwa mwaka na kodi ikashushwa kwa kila galoni, mtu wa kijiji akaona kumbe kulipa ni rahisi kuliko kukimbia. Mwaka 1824 George Smith wa Glenlivet akachukua leseni, majirani waliobaki kwenye magendo wakamchukia kiasi kwamba akawa anatembea na bastola mbili. Mwaka huohuo shamba la Cardow nalo likapata leseni. Kwa jina la John, bila shaka. Mwanamke anapika, karatasi inaandikwa mwanaume, hilo nalo tunalijua.

Kwetu je? Tanzania tuna sheria ya mwaka 1966 inayotumika kuwakamata wanaopika na kumiliki gongo, kwenye sheria inaitwa moshi, na mpaka leo kwenye taarifa ya habari unamuona kamanda amesimama mbele ya madumu na mapipa, kando yake kuna mama amefunika uso na mtandio. Kenya walipiga marufuku chang'aa, halafu sheria ya vileo ya mwaka 2010 ikairuhusu kwa masharti ya leseni, chupa na lebo, masharti ambayo mama wa kijijini hayawezi, akabaki palepale alipokuwa. Waganda ndio walikaribia kufanya kitu, miaka ya 60 walitunga sheria ya enguli, yani gongo ya kwao, mpishi wa kijijini awe na leseni na auze kwa kiwanda, kiwanda kisafishe kiweke kwenye chupa, hiyo ndo Uganda Waragi unayoiona. Angalau mtu alifikiria.

Na kabla hujaniambia gongo inaua, najua inaua. Nimeona macho yakipofuka kijijini kwetu, na Kirinyaga kule Kenya Februari 2024 watu wamekufa kwa pombe yenye sumu. Lakini kinachoua mara nyingi ni methanoli, na inakuwa nyingi pale mtu mwenye tamaa anapoongeza spiriti ya viwandani ili iwe kali haraka. Viwandani Uskoti wana mtu amesimama kwenye sanduku la vioo, anatenganisha ya mwanzo yenye harufu mbaya, anachukua ya katikati tu, na ya mwisho anairudisha kupikwa upya. Bibi alikuwa anamwaga ya kwanza chini ya mgomba, anasema hiyo ya shetani. Elimu ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuikagua badala ya kuikimbiza.

Haya turudi baa maana glasi ya pili inakuja na hii ndo yenye kesi.

Dada akaniuliza, unaweza moshi? Mchaga unamuuliza kama anaweza moshi! Ikaletwa Laphroaig, ya miaka 10, kutoka kisiwa cha Islay upande wa magharibi. Kabla haijafika mezani nimeshainusa. Aisee. Hiyo ni wodi. Ni iodini, ni plasta mpya, ni Dettol ya kwenye ndoo tunayosugulia sakafu kazini, na chini yake kuna moshi wa kuni mbichi, na chini ya moshi kuna mwani umetupwa ufukweni umeanza kukauka. Nikamwambia mi nimetoka kazini nusu saa iliyopita, kwa nini unanirudisha zamu?

Sababu ya ile harufu ni kuni zao, au tuseme kukosa kuni. Islay miti ni michache, upepo wa bahari hauachi, kwahiyo tangu zamani wanachimba udongo wa kwenye mabwawa, wanauita piti, ni majani na ukoka vilivyooza nusu kwa maelfu ya miaka bila kuisha, wanaukata vipande virefu, wanauanika, unawaka polepole na moshi mzito. Kimea kikiwa bado kibichi wanakifukiza kwa moshi huo, unaingia kwenye punje na hautoki tena, sio kwenye kupika, sio kwenye miaka 10 ya pipa. Laphroaig bado wana sakafu yao wenyewe ya kuotesha sehemu ya shayiri, watu wanaigeuza kwa mikono. Marekani walivyopiga marufuku pombe kati ya 1920 na 1933, hii ilikuwa inaingia kama dawa, na ukiinusa unaelewa afisa wa forodha alikubali vipi.

Ya kwanza kuonja sikuipenda. Ya pili nikaiheshimu. Mhudumu, mzee mmoja mpole sana, akaniletea kijagi cha maji na kimrija cha kudondoshea, akasema ongeza matone mawili matatu binti, hakuna atakayekushtaki. Kumbe hao wanaosema wiski ya kweli hainywewi na maji ni mbwembwe tu, wanaoipika wanaweka maji. Mwaka 2017 wanasayansi wawili wa Sweden, Karlsson na Friedman, walichapisha utafiti wa kompyuta kuonyesha kwamba maji yakiongezwa, molekuli inayobeba ule moshi, inaitwa guaiacol, inasogea juu karibu na uso wa kinywaji, kwahiyo pua inaipata vizuri zaidi. Mi nilichopata ni kwamba hospitali iliondoka, ikaja nyama iliyotundikwa juu ya mafiga jikoni kwa bibi, na utamu flani nyuma yake. Hapo nikaimaliza, tena taratibu.

Dada bado hajamaliza, ana mama mwingine. Bessie Williamson, msomi wa Chuo Kikuu cha Glasgow, mwaka 1934 alienda Islay kufanya kazi ya muda ya kuchapa barua kwenye ofisi ya Laphroaig, kiangazi kimoja tu. Hakurudi. Mwenye kiwanda, Ian Hunter, akaanza kuugua, kazi zikahamia kwake moja moja, na mzee alivyofariki mwaka 1954 akamuachia kiwanda. Mwanamke, katikati ya karne ya 20, anaendesha kiwanda cha wiski kisiwani mpaka 1972. Na kule Cardow, mkwe wa Helen, anaitwa Elizabeth, alifiwa na mume mwaka 1872, akakishika kiwanda, akajenga kipya, masufuria ya zamani akamuuzia William Grant aliyekuwa anaanzisha kiwanda cha Glenfiddich, halafu mwaka 1893 akakiuza kiwanda kwa nani? Kwa kampuni ya John Walker ya Kilmarnock. Ile ile. Chupa ya baba mkubwa! Miaka yote tunapiga makofi, na ndani ya ule mchanganyiko kuna kazi ya mikono ya wajane na wakwe, na wanawake wa ukoo wetu wamekaa upande wa soda.

Kitu kimoja ambacho bibi hakuwa nacho kweli ni muda. Gongo ya leo inanyweka leo, ada ya shule haisubiri. Wao wanaweka kwenye pipa, mengi ni yaliyobeba bourbon, wiski ya Marekani, maana kule sheria inawalazimu kutumia pipa jipya, kwahiyo yaliyotumika yanauzwa, mengine yamebeba sheri, wine kali ya Hispania, na humo ndo wiski inapata rangi na ile vanila na zabibu. Kila mwaka kama asilimia 2 inapotea hewani, wanasema malaika wanakunywa. Kwenye joto malaika wana kiu zaidi, Wahindi wa kiwanda cha Amrut kule Bangalore wanapoteza nyingi kuliko hiyo, lakini pia inakomaa haraka, na walivyoanza kuuza singo molti yao mwaka 2004 hawakwenda kujaribu kwao, walikuja kuizindulia hapahapa Glasgow, kwenye mdomo wa mwenye nyumba. Mimi nawaza ulezi wa kwetu, maji ya Kilimanjaro, baridi ya kule juu, mtu akiwa na leseni na subira. Nawaza tu.

Sijarudi nimegeuka mnywaji, tuelewane. Wazee ninaowalea wapo ambao pombe ndo iliwafikisha pale, Uskoti watu zaidi ya 1,200 walikufa kwa sababu ya pombe moja kwa moja mwaka 2023, ndio maana serikali yao imeweka bei ya chini kabisa kwa kila yuniti ya kilevi (mililita 10 za kilevi tupu), peni 50 tangu 2018 na peni 65 tangu 2024. Glasi mbili zilinitosha, na kwa bei ile hata mkoba wangu ulisema zinatosha.

Kesho yake nikampigia mama. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, umelala vizuri? Nikamsimulia yote, bendera, mkate, watu wa ushuru. Akasikiliza mpaka mwisho halafu akauliza swali moja tu, huyo mama alikuwa anauza shilingi ngapi kwa chupa? Nikamwambia za zamani sijui, ila ya jana glasi moja karibu elfu ishirini na kitu. Kimya. Halafu akasema, elfu ishirini, na bibi yako alikuwa anakopesha.

Kiangazi nataka kwenda Cardhu kwenyewe, kipo Knockando na wanapokea wageni. Dada anasema treni inakushusha Elgin, kutoka hapo ni gari. Kama kuna Mswahili Aberdeen au Inverness ana gari na hanywi, anitafute, mafuta tutachanga na njiani pilau ni juu yangu.